Kumwokoa anayezama: historia yake, na kazi inayoyangoja makanisa yetu



Sisi tunaoishi Lubumbashi huwa tunafikiri kwamba kuzama ni msiba wa watu wa Goma, wa Uvira na wa Kalemie. Mji wetu ulijengwa juu ya shaba, haukujengwa kando ya ziwa. Lakini samaki tunaowala hutoka Kasenga kwenye mto Luapula, na Kilwa na Pweto kwenye Ziwa Moero, na wanaowaleta ni mama zetu, ndugu zetu na washirika wa makanisa yetu. Wafanyabiashara wetu hupanda boti Kalemie na Moba. Na hapa hapa mjini, mvua zikianza mwezi wa Novemba, mashimo yaliyochimbwa udongo wa matofali hujaa maji, na watoto huenda kuoga humo bila mtu mzima wa kuwaangalia.

Kwenye matanga ya mtu aliyekufa maji tunasikia maneno ya namna mbili. Wengine husema ni mapenzi ya Mungu. Wengine hunong'ona kwamba maji yale yana mwenyewe, na mwenyewe amechukua chake. Maneno hayo yanatofautiana, lakini mwisho wake ni mmoja: hakuna anayeuliza kwa nini hapakuwa na kamba.

Katika makala hii tunataka kueleza jinsi watu wa nchi mbalimbali walivyojifunza kuwaokoa wanaozama. Tunaeleza kwa sababu wao pia walianzia mahali tulipo sisi, penye hofu na kukata tamaa. Na mmoja wa waliowaonyesha njia alikuwa mchungaji.

Hofu ya maji

Wazee wa Lubumbashi wanazikumbuka picha za mamba muntu. Katika miaka ya 1970 nyumba nyingi za mji huu zilikuwa na picha hiyo ukutani: mwanamke mwenye nywele ndefu, nusu mtu, nusu samaki, ameketi kando ya maji. Ilisemwa kwamba humpa mtu mali, kisha humdai malipo makubwa. Siku hizi picha zimepungua, lakini hadithi haijaisha. Kijana akizama mtoni, bado wapo wanaorudi nyuma badala ya kusogea, kwa kuogopa kwamba mwenye maji hajashiba. Na akitolewa akiwa hapumui, huwekwa kando na kufunikwa kitenge, huku pengine moyo wake bado unapiga.

Tusifikiri kwamba hofu ya namna hii ni ya Waafrika peke yao. Amsterdam, huko Uholanzi, ni mji wa mifereji. Zamani, kabla ya taa za barabarani kuwa nyingi, watu wengi walitumbukia humo usiku. Aliyetolewa bila pumzi aliogopwa. Watu hawakutaka kumgusa kabla ya wakuu wa mji kufika, wasije wakashitakiwa kwa kifo chake. Wenye nyumba hawakutaka mtu wa namna hiyo aingizwe kwao. Basi aliyeweza kurudishiwa uhai aliachwa kwenye baridi mpaka akafa kweli.

Mwaka 1767 Cornelis van Engelen, mchungaji wa Kimenoni aliyekuwa pia mwandishi wa gazeti, aliandika kwamba jambo hili halifai kuendelea. Aliwaita watu wafundishwe namna ya kuwahudumia waliozama. Mwaka huo huo yeye na watu wengine wa mji, wakiwemo wafanyabiashara, waliunda Shirika la Kuwaokoa Waliozama, ambalo lipo hata leo. Walifanya mambo matatu. Walichapisha maelezo mafupi ya hatua za kufuata. Waliahidi zawadi ya fedha au nishani kwa yeyote atakayemrudishia mtu uhai. Na walikubali kulipa gharama za nyumba yoyote itakayompokea aliyeokolewa. Katika miaka minne ya kwanza shirika lilitoa taarifa ya watu wapatao 150 waliookolewa.

Angalia kwamba hawakuanza na waogeleaji hodari. Walianza kwa kuondoa hofu. Jirani alijua sasa kwamba akimgusa mtu huyo hatashitakiwa, tena atashukuriwa.

Habari zilienea haraka. Mwaka 1774, jijini London, waganga wawili, William Hawes na Thomas Cogan, walianzisha shirika kama hilo, baada ya Cogan kutafsiri taarifa za Waholanzi kwa Kiingereza. Kila mwaka shirika la London lilifanya sherehe yenye mahubiri, na watu waliookolewa walipita mbele ya wote kwa maandamano. Fikirini ibada ya namna hiyo: mkutano mzima unawatazama kwa macho watu ambao wangekuwa makaburini.

Na haki itendeke kwa Wachina pia. Kwenye mto mkubwa wa Yangtze, katika mji wa Zhenjiang, watu walikuwa wameunda chama cha kuokoa maisha mwaka 1708, karibu miaka 60 kabla ya Waholanzi.

Pumzi iliyosahauliwa

Msomaji wa Biblia anajua habari ya nabii Elisha na mtoto wa mwanamke Mshunami, katika 2 Wafalme sura ya 4. Elisha aliomba kwanza. Kisha alipanda kitandani, akajilaza juu ya mtoto, kinywa chake juu ya kinywa cha mtoto, na mwili wa mtoto ukapata joto. Sisi tunakiri kwamba ule ulikuwa muujiza. Lakini tuone pia kwamba baada ya kuomba nabii hakusimama mbali. Aliugusa mwili ambao wengine walikuwa wameuacha chumbani.

Mwaka 1732, huko Scotland, mganga William Tossach aliletewa mchimbaji wa makaa ya mawe aliyetolewa shimoni bila pumzi kwa sababu ya moshi. Tossach aliweka kinywa chake juu ya kinywa cha mchimbaji, akampulizia kwa nguvu, na mtu yule akapona. Kwa sisi wa Katanga, nchi ya migodi, ni vizuri kujua kwamba mmoja wa watu wa kwanza kuandikwa na waganga kuwa aliokolewa kwa pumzi ya mwenzake alikuwa mfanyakazi wa mgodi.

Hata hivyo njia ya maarifa haikunyooka. Waholanzi na Waingereza wa wakati ule walipuliza pia moshi wa tumbako ndani ya mwili wa aliyezama kupitia njia ya chini, wakiamini kwamba utamchangamsha. Baadaye iligunduliwa kwamba tumbako ni sumu. Kisha, kwa muda wa miaka mia moja hivi, pumzi ya kinywa kwa kinywa iliwekwa kando. Mwaka 1858 Silvester alifundisha kuinua na kushusha mikono ya mgonjwa. Mwaka 1903 Schafer alifundisha kumlaza kifudifudi na kumkandamiza mgongo. Mwaka 1932 Holger Nielsen wa Denmark aliunganisha njia hizo mbili. Vizazi vizima vilijifunza hivyo, na wengine waliokolewa, lakini hewa iliyoingia mapafuni ilikuwa kidogo.

Katika miaka ya 1950, nchini Marekani, madaktari James Elam na Peter Safar walithibitisha kwamba hewa tunayoitoa bado ina oksijeni ya kumtosha mwingine. Mwaka 1960 watafiti wa Baltimore walionyesha kwamba kukandamiza kifua kwa mikono kunaweza kuusukuma damu moyo uliosimama. Mambo hayo mawili pamoja ndiyo yanayofundishwa leo duniani kote.

Kwa aliyezama, pumzi ndiyo ya kwanza, kwa sababu kilichomwangusha ni ukosefu wa hewa. Alazwe chali mahali pagumu. Kichwa kirudishwe nyuma kidogo na kidevu kiinuliwe. Pua ibanwe, apuliziwe pumzi mbili hadi tano huku ukiangalia kifua kama kinainuka. Kama haonyeshi dalili ya uhai, kifua kikandamizwe katikati mara 30, kwa nguvu na kwa haraka, kisha pumzi mbili, na kuendelea hivyo bila kuchoka upesi. Ubongo hauvumilii kukosa hewa zaidi ya dakika chache, kwa hiyo kazi ianze pale pale ukingoni. Na akizinduka, bado apelekwe hospitali, maana mapafu yaliyoingia maji yanaweza kumsumbua saa kadhaa baadaye.

Kuna mambo mawili ya kuacha kabisa. Watu wengi humshika aliyezama miguu na kumning'iniza kichwa chini, au humkandamiza tumbo ili maji yatoke. Njia hizi hupoteza dakika za thamani, na matapishi yanaweza kuingia mapafuni.

Kamba, ubao na kasia

Sasa tuje kwenye kumtoa mtu majini. Hapa historia ina onyo kubwa, na limeandikwa katika bara letu.

Tarehe 1 Juni 1773 meli ya Kiholanzi, De Jonge Thomas, ilipasuka kwa dhoruba karibu na pwani ya Cape Town. Mzee mmoja, Wolraad Woltemade, aliyekuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, aliingia baharini akiwa juu ya farasi wake. Alifika kwenye meli, akawaambia watu wawili washike mkia wa farasi, akawavuta hadi nchi kavu. Alifanya hivyo mara saba, akaokoa watu 14. Mara ya nane meli ilianza kuvunjika vipande, wengi wakamrukia kwa pamoja, naye akazama pamoja na farasi wake.

Tunamheshimu mzee huyo. Lakini kifo chake kinatufundisha jambo ambalo kila mwokoaji wa leo hufundishwa siku ya kwanza: anayezama humshika kwa nguvu zote yeyote anayemfikia, na humvuta chini bila kukusudia. Ndiyo maana mara nyingi tunazika wawili au watatu pamoja, mtoto na kaka yake na baba yao.

Kwa hiyo maendeleo ya uokoaji yamekuwa, kwa sehemu kubwa, maendeleo ya vitu vinavyowekwa kati ya mwokoaji na anayezama. Waingereza walitengeneza boti za kuokoa, na mwaka 1824 wakaunda shirika la kitaifa la kazi hiyo, ambalo hadi leo linategemea watu wa kujitolea. Huko Australia, karne ya 20 ilipoanza, watu walianza kuoga baharini kwa wingi, na mawimbi yakawachukua wengi. Wakazi wa Bondi, mjini Sydney, waliunda vikundi vya walinzi wa kujitolea, na tangu 1906 walitumia kamba ndefu iliyozungushiwa gurudumu. Mwogeleaji mmoja alifungwa mkanda wenye kamba hiyo, wenzake wakabaki ufukweni wakimvuta. Tarehe 6 Februari 1938 mawimbi makubwa yaliwazoa watu hapo Bondi kwa wakati mmoja. Watu wapatao 250 walitolewa majini, na waliokufa walikuwa 5. Hawakuokolewa na shujaa mmoja. Waliokolewa na walinzi wengi waliokuwepo, waliofunzwa, na wenye kamba.

Kanuni wanayofundisha waokoaji ni rahisi hata kwa mtoto wa shule ya Jumapili: ita, nyoosha, tupa, piga kasia. Kwanza ita watu kwa sauti. Pili, ukiwa umelala au umepiga magoti ukingoni, mnyooshee fimbo, tawi au kitenge. Tatu, mtupie kitu kinachoelea kilichofungwa kamba. Nne, kama kuna mtumbwi, mwendee kwa mtumbwi. Kuingia majini kwa mwili ni njia ya mwisho, ya mtu aliyefunzwa tu.

Na kitu cha kuelea si lazima kitoke Ulaya. Bidoni tupu ya lita 20, ikifungwa kifuniko vizuri, inaweza kumshikilia mtu mzima kichwa chake kikiwa juu ya maji. Kila nyumba ya Lubumbashi ina bidoni kwa sababu ya shida ya maji ya bomba. Ikifungwa kamba ya mita 15 hivi, tayari ni chombo cha kuokoa.

Anayezama hapigi kelele

Wazee wetu walisema mfa maji haishi kutapatapa. Methali ni ya kweli kwa mtu aliyeshikwa na shida za maisha. Lakini majini tuitumie kwa uangalifu, maana inaweza kutudanganya. Francesco Pia, aliyekuwa mlinzi wa waogaji huko New York, aliwachunguza na kuwapiga filamu watu waliokuwa wakizama. Aliona kwamba wengi wao hawaiti kabisa. Mtu asiyepata nafasi ya kuvuta pumzi hana pumzi ya kupigia kelele. Mikono yake hukandamiza maji kwa upande badala ya kupunga. Kichwa hurudi nyuma, kinywa kikiwa usawa wa maji. Hali hiyo hudumu sekunde 20 hadi 60 tu, kisha anakwenda chini.

Maana yake ni kwamba mama anayefua kando ya mto hawezi kutegemea kusikia. Ni lazima aone. Mtoto mdogo akiwa karibu na maji, awepo mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kutazama tu, bila kufua, bila simu, bila maongezi.

Misiba ya maziwa yetu

Hapa kwetu misiba mikubwa haikuwa ya waogaji, ilikuwa ya abiria.

Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba ilipinduka Ziwa Viktoria, karibu na Mwanza, ikiwa imebeba watu kupita kiasi. Mamia walikufa. Meli ilibaki ikielea kichwa chini, na waliokuwa ndani walisikika wakigonga. Tundu lilipokatwa ili kuwatoa, hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, nayo ikazama. Waliokata walitaka kuokoa. Nia ilikuwepo, maarifa hayakuwepo.

Mwezi wa Desemba 2014 boti Mutambala ilizama Ziwa Tanganyika, wakati Kalemie na Moba zilipokuwa bado katika jimbo letu la Katanga ya zamani. Watu zaidi ya 120 walikufa, na zaidi ya 200 waliokolewa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Tanzania, na watu zaidi ya 220 wakafa wakiwa karibu kabisa na gati. Na tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiwangoja jamaa zao. Vita vilikuwa vimefunga barabara, hivyo watu na mizigo walijaa majini. Wengi wa ndugu zetu wa Goma na Minova bado wanalia.

Baada ya ajali nyingine ya Ziwa Kivu, mwezi wa Aprili 2019, Rais Tshisekedi aliagiza kwamba kila abiria wa boti avae jaketi la kuelea, lile ambalo watu wetu huliita jile. Agizo ni jema. Lakini tunajua jinsi mambo yanavyokwenda bandarini. Mwenye boti anataka nauli, abiria anataka kufika, na jile ni chache au zimefungwa gunia moja chini ya mizigo.

Katika Matendo sura ya 27 tunasoma habari ya meli ya Paulo. Tuisome tena kama watu wa ziwani. Paulo aliwaonya kabla ya safari kwamba wakati ule haufai kwa kusafiri, lakini nahodha na mwenye meli walisikilizwa kuliko yeye. Dhoruba ilipokuja, mzigo ulitupwa baharini ili watu wabaki. Idadi ya waliomo ilijulikana: watu 276. Na meli ilipopasuka kulikuwa na utaratibu. Wanaojua kuogelea walitangulia, wengine wakafuata juu ya mbao na vipande vya meli. Wote walifika nchi kavu. Mungu alikuwa ameahidi kwamba hakuna atakayepotea, na ahadi hiyo ilitimia kwa njia ya mbao, hesabu na utaratibu.

Ni boti ngapi leo zinazoondoka Kilwa au Kalemie zikijua idadi kamili ya watu waliomo?

Makanisa yafanye nini?

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na zaidi ya 9 kati ya 10 walikuwa wa nchi zenye kipato kidogo na cha kati. Mwezi wa Aprili 2021 Umoja wa Mataifa ulitenga tarehe 25 Julai kila mwaka kuwa siku ya kuzuia vifo vya maji. Mashauri yanayotolewa hayahitaji fedha nyingi: kuzungushia uzio visima na mashimo, kuwa na mahali salama pa kuwaangalia watoto wadogo, kuwafundisha kuogelea walio na umri wa shule, kuwafundisha watu wa kawaida kuokoa na kurudisha pumzi, kusimamia boti, na kujiandaa kwa mafuriko. Huko Zanzibar, tangu 2011, mradi mmoja wa Nungwi unafundisha wasichana kuelea, kuogelea na kuokoa, wakiwa wamevaa mavazi ya heshima yanayokubalika na wazazi wao. Walioshinda aibu hiyo sasa wanafundisha wenzao.

Sisi tunapendekeza mambo manne kwa kila parokia na kila kanisa la mahali.

La kwanza ni ubatizo. Makanisa yetu mengi hubatiza mtoni, na ni furaha kubwa. Lakini mchungaji asiingize watu kwenye maji ambayo hayakupimwa. Siku moja kabla, mashemasi wawili wapime kina kwa fimbo na waulize wenyeji kuhusu mkondo na mamba, mamba wa kweli mwenye meno. Siku yenyewe, wawili wanaojua kuogelea wasimame upande wa chini wa mkondo, wakiwa na kamba na bidoni. Watu wahesabiwe wakifika na wahesabiwe wakiondoka. Kama mvua imenyesha juu ya mto, ibada iahirishwe. Wokovu wa mtu hautapotea kwa kungoja wiki moja.

La pili ni safari za kwaya, za akina mama na za vijana. Kanisa linalokodi boti lina nguvu ambayo abiria mmoja hana. Kiongozi wa kundi aseme wazi: hatupandi bila jile, hatupandi usiku, hatupandi boti iliyojaa. Mwenye boti atakasirika, lakini kundi la watu 40 likikataa, atasikiliza.

La tatu ni mashimo. Katika Kutoka 21, Mungu aliagiza kwamba mtu anayechimba shimo bila kulifunika atalipa kwa mnyama atakayetumbukia humo. Katika Kumbukumbu la Torati 22, mwenye nyumba aliagizwa kuweka ukingo juu ya dari yake, ili damu ya mtu isiwe juu ya nyumba hiyo. Kama ng'ombe alilindwa hivyo, mtoto wa Katuba au wa Rwashi je? Wenye kuchimba udongo wa matofali wengi ni watu wetu, tunakaa nao benchi moja. Wazee wa kanisa wazungumze nao kabla ya Novemba. Miti michache na miiba vinatosha kuzuia mtoto wa miaka minne.

La nne ni mafundisho. Karibu kila kanisa lina muuguzi. Msalaba Mwekundu nao una watu wa kujitolea wanaofundisha huduma ya kwanza. Waalikwe Jumapili moja baada ya ibada, na washirika wajifunze pumzi na kifua kwa mikono yao wenyewe, kwa maana kusoma makala kama hii hakutoshi. Mwezi wa Julai unafaa: ni kiangazi, maji yamepungua, na mashimo yanaonekana yalivyo kabla mvua hazijayaficha.

Mkono ulionyoshwa

Turudi kwenye matanga. Hatusemi kwamba wachungaji waache kuwafariji wafiwa kwa maneno ya Ayubu, kwamba Bwana ndiye atoaye na atwaaye. Maneno hayo ni ya kweli, na usiku ule ndiyo yanayohitajika. Lakini matanga yakiisha, wiki inayofuata, wazee wakae na kuuliza: alizama wapi, nani alikuwepo, kwa nini hakuweza kusaidia, na tutaweka nini pale ili asizame mwingine? Maswali hayo hayapingani na imani. Petro alipoanza kuzama katika Mathayo 14, Bwana alimnyooshea mkono kwanza, akamshika, na baada ya hapo ndipo alipomuuliza juu ya imani yake.

Tunawaomba makanisa ya Kasenga, Kilwa, Pweto, Kalemie, Moba, Uvira, Bukavu na Goma yanayoishi na maji kila siku watuandikie yale wanayoyafanya tayari, ili sisi wengine tujifunze kwao. Nasi wa Lubumbashi tutaanza na kamba moja na bidoni moja mahali tunapobatizia.

Bwana awalinde wote walio safarini juu ya maji, na aifundishe mikono yetu kuwa tayari.